Shavu la mguu likichanika: usirudi uwanjani kwa sababu tu haliumi

Unakimbia, unasikia kama mtu kakupiga teke nyuma ya mguu, unageuka hakuna mtu. Ni msuli wa shavu la mguu, na mara nyingi huchanika upande wa ndani. Omba kutoka hapo hapo. Ukilazimisha kumaliza mechi unachechemea, jeraha la wiki 2 linakuwa la miezi 2.

Kwanza hakikisha kano ya kisigino haijakatika. Lala kifudifudi, nyayo zining'inie nje ya kitanda, mwenzako aliminye shavu la mguu. Unyayo usipotikisika kabisa, nenda Bugando au hospitali iliyo karibu siku hiyo hiyo. Na mguu ukivimba, ukawa wa moto na kuuma ilhali hukuumia popote, hasa baada ya safari ndefu ya basi, huenda damu imeganda kwenye mshipa. Usiuchue, kimbilia hospitali.

Siku 3 za kwanza ni barafu, na Mwanza hiyo haikosekani. Waulize wauza samaki wa Mwaloni. Izungushie kitambaa, weka dakika 10 hadi 15, rudia kila baada ya saa 2 au 3. Bandeji ya kuvutika ianzie karibu na vidole, ipande hadi chini ya goti. Vidole vikifa ganzi, umekaza mno. Kukanda maji ya moto na kuchua, tunakokupenda sana, kunazidisha damu kuvujia ndani ya msuli. Kandambili nazo ziweke kando: vaa raba zenye kipande cha soli cha sentimita 1 chini ya visigino vyote viwili, msuli usivutike.

Ukishatembea bila kuchechemea, anza kunyanyua visigino. Simama umeshika ukuta kwa ncha za vidole, panda kwa sekunde 2, tulia 1, shuka kwa 3. Kushuka ndiko kunakojenga, na ndiko watu wanakojiachia. Miguu yote miwili, mara 15, seti 3. Nusu ya seti goti limenyooka, nusu limekunjwa kidogo, kwa sababu msuli wa ndani zaidi hufanya kazi hasa goti likiwa limekunjwa. Wengi huuacha huo, kisha wanashangaa kuumia tena. Baadaye hamia mguu mmoja, halafu ukingo wa ngazi, kisigino kishuke chini ya kidato.

Usifanyie mazoezi haya kwenye maji ya ufukweni. Ziwa lina kichocho, na mchanga laini unazamisha kisigino.

Maumivu huondoka kabla nguvu haijarudi, kwa hiyo kipimo si maumivu. Mguu ulioumia unyanyue kisigino mara nyingi sawa na ule mzima, 20 hadi 25, kisha uruke kwa mguu huo mmoja mara 10 bila kusita. Hapo kimbia taratibu dakika 1, tembea 1, mara 10, sehemu tambarare, siku moja kimbia, siku moja pumzika. Ukiamka asubuhi ya pili shavu limekaza, rudi hatua moja nyuma. Mbio kali zije baada ya hapo: nusu ya kasi, robo tatu, kisha kasi yote. Mlima wa Capri Point uwe wa mwisho kabisa, kwani kupanda kunaubebesha msuli huu mzigo kuliko tambarare.

Mchaniko mdogo huchukua wiki 1 hadi 3, wa kati 4 hadi 8. Ukikatika kabisa, hesabu miezi 3 au zaidi.