Viza, treni na gari la kukodi: jinsi ya kuomba na kupanga safari ya kwanza Italia

Wanaoniuliza habari za kwenda Italia huanza na viza, wakishaipata ndipo wanakaa kupanga njia. Mimi huwaambia wageuze. Afisa wa ubalozi anayefungua faili lako anasoma safari: utatua lini, utalala wapi siku ya tano, utatokaje Roma kwenda Firenze, nani analipa. Kama wewe mwenyewe hujui, karatasi zako zitapingana, na karatasi zinazopingana ndizo zinazokunyima viza.

Kwa hiyo chukua daftari kwanza.

Chora njia

Kwa mtu wa mara ya kwanza napendekeza siku 12, yaani usiku 11. Lala Roma usiku nne, Firenze usiku tatu, kisha usiku tatu mashambani Toscana, na wa mwisho Roma tena kabla ya ndege. Kati ya miji panda treni. Gari lichukue asubuhi unayotoka Firenze, zunguka nalo Siena, Pienza na Montepulciano, ulirudishe Orvieto, mji ulio kwenye reli ya kwenda Roma. Hapo treni ya kawaida inakufikisha Roma kwa kama saa moja na robo. Kuacha gari mji mwingine mara nyingi kuna ada yake, iulize kabla ya kulipa.

Kukodi gari uwanja wa ndege wa Fiumicino na kuingia nalo Roma ni kujitafutia balaa. Sababu yake nitaieleza chini, inaitwa ZTL.

Ombi la viza

Unayoomba ni viza ya Schengen, kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, ya muda mfupi, aina ya C, inayoruhusu kukaa hadi siku 90 ndani ya kila siku 180. Inaombwa ubalozi wa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Ukipitia Ufaransa siku mbili na Italia kumi, ubalozi wako ni wa Italia. Siku zikilingana, ni wa nchi utakayoingia kwanza. Dirisha la kuomba linafunguka miezi sita kabla ya safari na kufungwa siku 15 kabla. Uamuzi hutolewa ndani ya siku 15, lakini faili likihitaji kuchunguzwa linaweza kufika siku 45. Mimi sipeleki chini ya miezi miwili kabla, maana miadi yenyewe huisha haraka, hasa karibu na Juni na Julai.

Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu, na ibaki hai miezi mitatu baada ya siku unayotoka Schengen. Picha ni za milimita 35 kwa 45. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, na walio chini ya hapo hawalipi. Hairudi hata ukikataliwa. Utachukuliwa alama za vidole, isipokuwa uliwahi kuzitoa kwa viza ya Schengen ndani ya miezi 59 iliyopita.

Bima ya matibabu ya safari lazima ifikie angalau euro 30,000, ihusu nchi zote za Schengen, na igharamie kurudishwa nyumbani. Kagua tarehe zake kwa jicho la mhasibu. Nimeona mtu aliyekata bima ya siku 11 kwa safari ya siku 12, eti siku ya mwisho atakuwa njiani.

Sasa pesa, mahali ambapo wengi hubahatisha. Italia ina jedwali rasmi la kiwango cha chini, la mwaka 2000. Msafiri mmoja wa siku 11 hadi 20 anahesabiwa euro 51.64 kwa mkupuo, kisha 36.67 kwa kila siku. Kwa siku 12 inakuja euro 491.68. Mkisafiri wawili au zaidi, kila mmoja anahesabiwa 25.82 na 22.21 kwa siku, yaani 292.34. Hiyo ni sakafu, na salio linalogusa sakafu halimpi afisa usingizi mzuri. Kinachoangaliwa zaidi ni mwenendo wa akaunti. Taarifa ya benki ya miezi sita inayoonyesha mshahara ukiingia na kodi ya nyumba ikitoka ina nguvu kuliko milioni nane zilizotua Jumatatu, faili likapelekwa Ijumaa. Kama kweli umeuza kiwanja, ambatisha mkataba wa mauzo. Usiache pesa ikae pale bila maelezo.

Mwajiriwa aweke barua ya mwajiri yenye cheo, mshahara, tarehe za likizo na siku ya kurejea kazini. Mfanyabiashara aweke leseni, usajili wa BRELA (wakala wa usajili wa biashara Tanzania) na karatasi za kodi. Wenzetu wa Kenya wana zinazofanana na hizo. Cheti kilichoandikwa kwa Kiswahili kitafsiriwe. Ukifikia kwa ndugu anayeishi Italia, yeye ndiye anayejaza na kusaini tamko la kukukaribisha, linaloitwa dichiarazione di ospitalità, na kuambatisha nakala ya kitambulisho chake. Usipeleke hoteli za kubuni wakati utalala kwa shangazi. Sema ni kwa shangazi.

Tiketi ya ndege iwe buking ya kwenda na kurudi, na hoteli ziwe zinazoruhusu kufuta. Juu ya faili weka karatasi moja ya ratiba: tarehe, mji, mahali pa kulala, chombo cha usafiri. Siku za gari ziandike pia, na uweke nakala ya leseni ya udereva. Ratiba ile ndiyo kamba inayofunga kuni zote.

Ukikataliwa, utapewa fomu yenye sababu iliyowekewa alama. Sheria inakupa siku 60 kukata rufaa kwenye mahakama ya utawala ya Lazio, kule Roma, kwa wakili. Kwa safari ya matembezi, wengi wetu tunaona afadhali kurekebisha kasoro iliyotajwa na kuomba upya.

Karatasi za gari zinaanzia nyumbani

Italia inamtaka dereva mwenye leseni ya nje ya Ulaya awe pia na leseni ya kimataifa, au tafsiri rasmi ya ile aliyonayo. Hata kama leseni yako ina Kiingereza. Kijitabu hicho kinatolewa nchini kwako, kwa Tanzania na Kenya kupitia chama cha wenye magari ambacho watu wanakiita AA tu. Ukishafika Roma umechelewa. Nacho peke yake hakina kazi, hubebwa pamoja na leseni halisi.

La pili ni kadi ya benki. Kwenye kaunta moja Firenze, dada aliyekuwa akituhudumia aliipokea kadi yangu, akaigeuza, akaweka kucha chini ya neno dogo pembeni: "Debit". Akatikisa kichwa. Kampuni ilitaka kadi ya mkopo, yenye jina la dereva, ili izuie humo pesa ya dhamana. Mke wangu anayo ya mkopo, ila buking ya dereva ilikuwa kwa jina langu. "Si nilikwambia tuandike jina langu, baba Asha?" Kweli aliniambia. Tulipoteza tulichokuwa tumelipa, tukalala Firenze siku moja zaidi, na kesho yake kampuni nyingine ikakubali kadi yangu kwa sharti tununue bima kubwa iliyokaribia bei ya gari lenyewe. Kwa hiyo soma masharti ya dhamana kabla hujalipa, na mwenye kadi ya mkopo ndiye awe dereva kwenye mkataba. Walio chini ya miaka 25 kwa kawaida huongezewa ada.

La tatu, giya. Magari mengi ya kukodi kule ni ya "manual", giya unabadilisha mwenyewe kwa mkono. Sisi tuliozoea IST na Noah za "auto" tunapaswa kuomba auto mapema na kukubali bei yake. Barabara ni mkono wa kulia, na indiketa iko kushoto mwa usukani, kwa hiyo saa nzima ya kwanza kila nikitaka kukata kona nilikuwa nafuta kioo kikavu.

Treni

Za mwendo kasi ni mbili: Frecciarossa ya Trenitalia, na Italo, kampuni binafsi. Roma hadi Firenze ni kama saa moja na nusu, Roma hadi Milano kama saa tatu. Kiti kina namba, kama SGR yetu ya Dodoma. Tiketi za mapema ni rahisi lakini ngumu kubadilisha, kwa hiyo usizinunue kabla viza haijatoka. Kwenye ratiba ya ombi inatosha kuandika "treni".

Treni ya kawaida, Regionale, bei yake haipandi hata ukinunua siku ileile, na haina namba ya kiti. Mtego wake uko hapa: tiketi ya karatasi lazima uigonge kwenye kimashine kilichopo kituoni kabla ya kupanda, na ile ya kwenye simu lazima uithibitishe kwa kubonyeza kabla ya safari. Ukisahau, kondakta anakuhesabu kama hukulipa.

Ubaoni tafuta Partenze, ndiyo zinazoondoka, na Binario, ndiyo namba ya jukwaa, inayojitokeza dakika chache tu kabla. Kwa Venezia shuka Santa Lucia. Mestre ni bara, na wengi wameshuka hapo wakabaki wanautafuta mji wa majini. Ukisikia neno sciopero, ni mgomo. Siku za kazi, treni za kawaida za saa 12 hadi saa 3 asubuhi, na saa 12 jioni hadi saa 3 usiku, zinalindwa na sheria.

Barabarani

Kwenye autostrada, barabara kuu ya kulipia, mwisho ni kilomita 130 kwa saa, mvua ikinyesha 110. Ndani ya mji 50, na mitaa mingine ni 30. Unapoingia autostrada unachukua kikaratasi, unalipa unapotoka. Njia ya alama ya manjano, Telepass, ni ya wenye kifaa chake, ikwepe. Kwenye kituo cha mafuta, gasolio ni dizeli. Petroli ni benzina. Maegesho ya mistari myeupe ni bure, ya bluu unalipia, ya manjano si yako.

ZTL ni eneo la katikati ya mji ambalo magari yasiyosajiliwa hayaruhusiwi kwa saa fulani. Hakuna kizuizi wala askari, kuna kamera tu inayosoma namba. Ubao ukiandika "varco attivo" usidhani mlango uko wazi. Maana yake kamera inafanya kazi, usipite. Kama hoteli yako imo ndani, wapigie kabla uwape namba ya gari waisajili.

Ukipita bila ruhusa hutajua siku hiyo. Kwanza kampuni ya gari itakata ada yake kwenye kadi yako kwa kutaja jina lako kwa polisi. Faini yenyewe hufuata kwa posta, na kwa anayeishi nje wana siku 360 za kuituma. Ukilipa ndani ya siku 5 tangu kuipokea, inapungua kwa asilimia 30.