Akiba ya kujengea nyumba: namna ya kuitolea zaka

Juzi nilikaa na mdogo wangu anayejenga Nzuguni, tukapiga hesabu ya zaka yake. Aliamini pesa ya nyumba haina zaka kwa kuwa bado anaishi nyumba ya kupanga. Wako wanazuoni wa Kihanafi, moja ya madhehebu ya Kiislamu, waliosema hivyo. Lakini wengi wanasema pesa ikifika nisabu, yaani kiwango cha chini kinachowajibisha zaka, na kupitiwa na mwaka ina zaka, iwe ya kujengea au ya kuolea, nami nimeshika hilo.

1. Tenga pesa na vitu. Kiwanja cha kujenga, tofali, nondo na saruji havina zaka. Kiwanja ulichonunua ili ukiuze kina zaka, kwa bei ya sokoni.

2. Jumlisha pesa yote. Benki, simu, kibubu, hata uliyomwekesha mtu. Riba ya benki iondoe, si mali yako.

3. Angalia nisabu. Ni thamani ya gramu 85 za dhahabu au 595 za fedha, yaani madini ya silva. Mimi napima kwa fedha; kiwango chake kiko chini, na fukara anapata haki yake mapema. Muulize sonara bei ya siku hiyo.

4. Tafuta tarehe yako. Hapa tulikesha. Yeye alihesabu Januari hadi Januari, ilhali mwaka wa zaka ni wa Kiislamu, pungufu kwa siku kama 11. Tukafungua miamala ya simu na ya benki mmoja mmoja hadi siku akiba ilipofika nisabu mara ya kwanza: ilikuwa Shaabani. Kisha tukakagua kama iliwahi kushuka chini ya nisabu katikati, maana kwa wafuasi wa madhehebu ya Shafi ikishuka mwaka unaanza upya. Haikushuka. Pesa iliyoingia baadaye kila moja ina mwaka wake, lakini kufuatilia hivyo ni kujitesa; itolee yote siku moja, kuitanguliza inajuzu. Na angalizo: yeye alilipia bati wiki mbili baada ya tarehe kupita. Zaka ya pesa hiyo haikufutika, ilikuwa deni tayari. Angelipia kabla, kwa haja ya kweli na si kukwepa, isingehesabiwa.

Andika tarehe hiyo kwenye daftari. Usiiachie simu, simu huibiwa.

5. Gawa kwa 40. Milioni 14 inatoa 350,000.

6. Wape wanaostahiki. Wametajwa katika Sura At-Tawba, aya ya 60. Wazazi unaopaswa kuwalisha usiwahesabie humo.