Mayai mekundu ya Pasaka kwa maganda ya vitunguu

Kwa Wagiriki wa Kanisa la Orthodoksi, yai la Pasaka ni jekundu, na hutiwa rangi Alhamisi Kuu. Mama mkwe wangu, mzaliwa wa Thessaloniki, hanunui rangi ya pakiti. Kwaresima yote ana mfuko wa karatasi jikoni, na kila akimenya kitunguu, maganda makavu yanaingia humo. Nimemfuata miaka kadhaa sasa, na njia yake naipenda kuliko zote.

Hatua ya 1. Maganda ya vitunguu 12 hivi yanatosha mayai 8. Yachemshe kwa moto mdogo nusu saa katika lita moja na nusu ya maji. Tumia sufuria ya stenlesi. Ya alumini huliwa na siki. Chuja, uache maji yapoe kabisa.

Hatua ya 2. Toa mayai kwenye friji mapema. Mwaka wangu wa kwanza niliyatumbukiza ya baridi kwenye maji ya moto, matano yakapasuka. Yai jeupe hutoka na rangi ya chungwa iliyoiva. La kahawia hukolea hadi damu ya mzee.

Hatua ya 3. Hapa usiharakishe. Lowesha jani la kotmiri, libandike kwenye yai, ulilaze kwa kidole mpaka kila ncha ishike. Livishe yai kipande cha soksi ya nailoni, vuta kwa nyuma mpaka ikaze, funga kwa uzi. Soksi ikilegea, rangi hupenya chini ya jani na umbo linapotea.

Hatua ya 4. Tia siki nyeupe vijiko 2 vya chakula kwenye yale maji. Ganda la yai ni chokaa. Siki hulila kidogo, rangi ikapata pa kushika. Panga mayai, maji yayafunike, uchemshe taratibu dakika 12. Ukitaka yakolee zaidi, yakipoa yaache humohumo kwenye friji hadi asubuhi.

Hatua ya 5. Kata soksi, bandua jani. Utaona umbo lake limebaki, hadi vijino vya pembeni. Usisugue yai rangi ikiwa bado mbichi. Likikauka, lipake mafuta ya zeituni kidogo kwa kitambaa.

Yatunze kwenye friji, yaliwe ndani ya wiki moja. Usiku wa Pasaka kila mtu hushika lake, wakagonganisha ncha kwa ncha: “Kristo amefufuka!” “Amefufuka kweli kweli!” Ambaye lake halikupasuka, bahati ya mwaka ni yake.