Tosti ya mayai kwa mkate wa matunda uliobaki

Mkate wa zabibu ukishakaa siku mbili mezani, kingo zake huanza kukakamaa, na hapo ndipo unapofaa kuchovywa kwenye mayai na kukaangwa. Ila wengi huupika kama mkate mweupe: maziwa kikombe kizima, sukari vijiko viwili, moto wa kuchemshia chai. Slesi hutoka nyeusi nje na uji ndani. Mkate wa matunda umeshawekewa sukari na siagi tangu ulipokandwa, mara nyingi na mayai pia, na zabibu zake ni sukari juu ya sukari. Kwa hiyo mambo matatu hubadilika: maziwa hupungua, sukari huondoka kabisa, na moto hushuka.

Tunaiita tosti ya mayai, kwa sababu jina la "mkate wa mayai", linalotumika sana bara, lina mwenyewe pwani. Unguja na Mombasa mkate wa mayai ni keki laini ya mayai, unga na sukari isiyotiwa mafuta. Ukimwahidi mtu wa huko mkate wa mayai, atangoja hiyo.

Mkate gani unafaa

Mkate wa zabibu wa bekari ni mzuri, hasa ukiununua mzima na kujikatia mwenyewe. Bans za Pasaka nazo zinafaa: zipasue katikati, uanze kukaanga upande wa ndani. Mkate wa zabibu unaouzwa umeshakatwa dukani una slesi nyembamba, kama sentimita 1.2 hivi. Unakaangika, lakini hautakuwa na kile kiini laini kinachofanya kazi yote hii iwe na maana.

Mkate wa matunda unaopendeza kuliko yote kwa kazi hii ni panettone, ule mrefu wa Krismasi wenye asili ya Milano. Malindi, penye Wataliano wengi, mkate huu si mgeni. Sheria ya Italia ya mwaka 2005 inataka panettone iwe na zabibu na maganda ya matunda jamii ya machungwa yaliyopikwa kwa sukari yasiyopungua asilimia 20, na siagi isiyopungua asilimia 16. Takwimu hizo zinafaa kukumbukwa mbele ya jiko, maana zinaeleza kwa nini mkate huu huungua upesi, na kwa nini hukaa wiki nyingi bila kukauka kama mikate mingine. Watu wa Milano wenyewe huweka kipande mpaka tarehe 3 Februari, sikukuu ya Mtakatifu Blasio, ndipo wakile.

Stollen, mkate wa matunda wa Krismasi wa Wajerumani, ni nzito na imeshiba siagi. Ikate nyembamba, sentimita 1.5, na uichovye kidogo tu. Keki ya matunda usijaribu. Haina ule mvutano wa unga uliokandwa na hamira, kwa hiyo ikilowa humeguka ikawa makapi ndani ya bakuli.

Ukiona ukungu, hata doa moja la kijani, tupa mkate wote. Usikate sehemu hiyo na kuipika iliyobaki, kwa sababu nyuzi za ukungu hupenya mkate laini mbali kuliko zinavyoonekana. Kwenye joto na unyevu wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, mkate uliofungwa kwenye mfuko wa plastiki unaweza kuota ukungu ndani ya siku chache tu. Kama hutapika karibuni, kata slesi uziweke kwenye friza. Friji ya kawaida huufanya mkate ukakamae haraka, jambo ambalo kwa tosti si hasara.

Kukata na kukausha

Kata slesi za sentimita 2 hadi 2.5 kwa kisu cha meno, ukikivuta kama msumeno bila kukandamiza. Panettone usiikate pembetatu kama keki, kwa sababu ncha itaungua wakati upande mnene bado mbichi. Ilaze ubavu uikate miduara, kisha ugawe kila mduara mara mbili. Ondoa karatasi yote ya pembeni.

Halafu ikaushe, na hapa usifanye haraka. Mkate laini umejaa maji yake, na rojo la mayai halina pa kuingia. Hubaki juu likaiva kama kiwanda cha mayai, yaani mayai ya kukaanga, huku ndani mkate ukiwa vilevile ulivyokuwa. Ukiukausha, vile vitundu vya ndani hufyonza rojo hadi katikati, nalo likiiva hushika na kuwa laini kama kastadi.

Njia rahisi ni kupanga slesi juu ya wavu usiku kucha bila kuzifunika, ukizikinga na sisimizi (miguu ya wavu ndani ya sahani za maji inatosha). Msimu wa mvua njia hii haifai, kwani asubuhi utakuta slesi zimelegea zaidi. Tumia oveni: nyuzi 120, dakika 10 hadi 15, ugeuze mara moja. Panettone ifanyie hivi hata kama imekaa wiki tatu, kwa kuwa siagi yake huificha hali yake halisi. Huna oveni, weka slesi kwenye kikaangio kikavu juu ya moto mdogo kabisa, dakika 3 kila upande. Unataka uso uliokauka kwa kugusa na kiini kinachobonyea bado. Usiziache zibadilike rangi.

Rojo

Kwa slesi 6 nene:

- mayai 3
- maziwa mililita 180, yaani robo tatu ya kikombe
- chumvi robo ya kijiko cha chai
- iliki ya kusaga nusu kijiko cha chai, au mdalasini kiasi hicho
- maganda ya chungwa moja yaliyokwanguliwa, sehemu ya rangi tu bila ule weupe mchungu
- vanila kijiko kimoja cha chai, ukiwa nayo

Kwa mkate mweupe ungetia maziwa hadi mililita 250. Hapa yapunguze, kwa sababu mkate wenye siagi nyingi ni dhaifu ukilowa. Chumvi usiiache. Bila chumvi tosti ya mkate mtamu huwa tamu tu, haina ladha nyingine.

Piga mayai kwanza pamoja na chumvi na viungo, mpaka usione tena nyuzi za ute. Maziwa yafuate. Ukitia iliki mwishoni itaelea juu, na slesi ya kwanza itaibeba yote. Pitisha rojo kwenye chujio kama una subira. Mabaki ya ute ndiyo yanayoacha madoa meupe ya yai kwenye tosti. Wasiopenda harufu ya yai watumie mayai 2 mazima na viini 2, kwani harufu ile hutoka zaidi kwenye ute.

Maziwa yaliyochemshwa lazima yawe yamepoa kabisa, vinginevyo yataivisha yai bakulini. Utandu wa juu usiutupe, uvuruge humohumo. Maziwa ya unga: vijiko 3 vya chakula kwa mililita 180 za maji. Tui la nazi linakubaliana sana na zabibu na iliki, lakini tumia tui jepesi, la pili. Tui zito pamoja na siagi ya panettone huiacha tosti ikiwa na mafuta mdomoni.

Kuchovya

Mimina rojo kwenye chombo kipana chenye kina kifupi, si bakuli. Laza slesi moja au mbili kwa wakati. Muda unategemea mkate: ule mwembamba wa dukani sekunde 8 kila upande, mkate wa zabibu mnene sekunde 20, panettone iliyokaushwa sekunde 25 hadi 30, stollen sekunde 15. Nyanyua kwa mwiko mpana au kwa mikono miwili, kamwe usinyanyue kwa uma. Slesi iliyolowa vizuri hulegea katikati lakini haikatiki. Ikikatika, umepitiliza.

Kabla ya kukaanga, zipumzishe juu ya wavu dakika 2. Rojo la juu linaendelea kuingia ndani, na la ziada linachuruzika. Ukiruka hatua hii, rojo la ziada litamwagika kwenye kikaangio na kutengeneza zile pindo za kiwanda zinazoning'inia pembeni. Tazama pia zabibu zilizojitokeza usoni. Zisukume ndani kwa kidole au uzitoe. Zabibu inayogusa chuma moja kwa moja huvimba, huungua na kuwa chungu kabla mkate haujapata rangi.

Moto

Tumia kikaangio kizito. Chembamba cha alumini hupata joto madoamadoa, na sukari ya mkate itayaonyesha yote.

Mafuta bora ni samli. Siagi ina ladha nzuri, ila chembechembe zake za maziwa huanza kuungua joto likifika karibu nyuzi 150, wakati samli imeshaondolewa chembechembe hizo. Kama ni siagi, kijiko kimoja cha chakula kwa slesi mbili, uchanganye na kijiko cha chai cha mafuta ya kupikia. Margarini ya kupaka haifai, kwa kuwa ina maji mengi na hurukaruka.

Moto uwe kati ya mdogo na wa wastani. Siagi ikitoa povu na povu likatulia, weka slesi. Ikibadilika kahawia kabla hujaweka kitu, moto ni mkubwa: epua, futa, anza upya. Kwenye jiko la mkaa subiri makaa yafunikwe na jivu jeupe, toa mawili matatu, kisha funga mlango wa jiko. Upande wa kwanza dakika 3 hadi 4, wa pili 2 hadi 3. Usiikandamize kwa mwiko, utakamua rojo ulilohangaika kuliingiza.

Slesi nene ikishapata rangi pande zote, punguza moto hadi mwisho, ifunike kwa mfuniko dakika moja na nusu, halafu funua na uiache nusu dakika ikauke. Mwenye oveni aimalizie humo, nyuzi 160 kwa dakika 5 hadi 8. Bonyeza katikati kwa kidole: ikirudi juu imeiva, ikibaki imebonyea au ikitoa majimaji, bado. Kwa mwenye kipimajoto cha jikoni, kiini kifike nyuzi 71, ambapo yai limeiva salama.

Futa kikaangio kwa kitambaa kikavu kila baada ya awamu. Sukari iliyodondoka ikabaki humo ndiyo inayozitia nyeusi slesi za mwisho, nasi tukadhani moto umepanda.

Ikienda vibaya

Nyeusi nje na mbichi ndani: moto mkubwa, au umetia sukari kwenye rojo kwa mazoea. Ngozi ya yai juu na mkate mkavu katikati: hukukausha, au umechovya haraka mno. Imemeguka: maziwa mengi, au muda mrefu kwenye rojo. Imenata: kikaangio kilikuwa baridi, au umegeuza kabla ya wakati, iache nusu dakika zaidi, mara nyingi itajiachia yenyewe. Imelegea baada ya dakika tano: umezirundika kwenye sahani na mvuke umezilowesha. Zipange kwenye wavu.

Vya kulia

Shira usimwagie. Hata asali, tumia kijiko cha chai, si zaidi. Mkate huu unataka kitu kichachu: mtindi mzito uliochujwa kwenye kitambaa, rojo la pasheni na mbegu zake, vipande vya chungwa, au embe ambalo halijaiva sana. Karanga za kukaanga zilizotwangwa kidogo huleta kile cha kutafuna ambacho mkate laini hauna. Kinywaji kiwe chai ya rangi isiyotiwa sukari, au kahawa tungu.

Makombo na mabaki

Vipande vilivyovunjika visitupwe. Vijaze kwenye bakuli la oveni lililopakwa siagi, mimina rojo lilelile hadi vielee nusu, acha dakika 15, kisha uoke nyuzi 170 kwa dakika 35 hadi 40. Bila oveni, sufuria yenye mfuniko, makaa mengi juu na machache chini, na uangalie baada ya dakika 25.

Rojo lililokwishachovyewa mkate lisikae mezani zaidi ya saa mbili, wala usilihifadhi kwa kesho. Tosti iliyoiva hukaa kwenye friji siku 2, ikiwa imepoa kwanza na kutenganishwa kwa karatasi. Ipashe kwenye kikaangio kikavu kwa moto mdogo, dakika 2 kila upande. Maikrowevu huigeuza sponji.