Orodha ya wilaya ikigoma: anza na thamani iliyohifadhiwa

Hapa Mbeya nahudumia mifumo ya usajili wa wakulima wa kahawa, na kosa linalonirudia zaidi kwenye ASP.NET (teknolojia ya Microsoft ya kutengeneza tovuti) ni la orodha kunjuzi (dropdown): ukurasa unakufa ukidai SelectedValue, yaani thamani iliyochaguliwa, haimo kwenye orodha. Usikimbilie kuandika programu upya. Uamini ujumbe ule, unasema kweli.

Fungua rekodi inayogoma, soma thamani iliyohifadhiwa, kisha itafute kwenye jedwali linalojaza orodha. Mkoa wa Songwe ulipomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, Mbozi, Ileje na Momba zilihamia huko. Ukichuja wilaya kwa mkoa, mkulima wa Vwawa ambaye rekodi yake bado inasema Mbeya hataiona Mbozi, na hapo kosa linazuka. Dawa ni kusahihisha rekodi. Kumfutia mkulima wilaya yake ili ukurasa tu ufunguke ni kumdhulumu.

Thamani ipo na bado inakataliwa? Angalia nafasi tupu mwishoni. Safu ya hifadhidata ya char(10), yenye urefu wa herufi kumi daima, hujazia nafasi, na orodha hulinganisha herufi kwa herufi. Zikate kwa Trim, amri inayoondoa nafasi za pembeni. Hakikisha pia DataValueField, yaani safu inayotoa thamani za orodha, inabeba namba ya wilaya, si jina.

Kabla ya msimbo wako kuchagua thamani, uliza kama imo kwa Items.FindByValue. Ikirudisha null (haimo), baki kwenye mstari wa "Chagua wilaya", ambao utafutika orodha ikijazwa usipoweka AppendDataBoundItems="true".

Na kama chaguo linarudi la kwanza kila mtu akibonyeza Hifadhi, jaza orodha ndani ya if (!IsPostBack) tu, yaani ukurasa unapofunguka mara ya kwanza, si kila unapotumwa tena.