Kukimbia hija ya Bihawana kupitia mashamba ya zabibu

Kila Agosti, mavuno ya zabibu yanapoanza, tunakimbia watano kutoka Dodoma mjini hadi Bihawana. Barabara ya Iringa ingetufikisha upesi, ila ina malori mengi, kwa hiyo tunazunguka kwa njia za mashambani, na saa yangu husoma kama kilomita 28. Bihawana ni misheni ya zamani, na wamisionari ndio walioleta mizabibu huku kwetu. Ndiyo maana tunaiita hija.

Ukitaka kwenda na wenzako, anzeni saa kumi na moja alfajiri. Baridi na upepo wa saa hiyo visiwadanganye, maana ikifika saa tatu jua linachoma na kivuli ni cha mbuyu mmoja mmoja. Mwaka wa kwanza tulisubiriana hadi saa moja. Saa nne misuli ya vigimbi ikanikaza nikashindwa hata kusimama. Nilikuwa nimekunywa maji mengi matupu, na jasho lilikuwa limekauka chumvi nyeupe shingoni. Rafiki yetu mwuguzi alinikalisha chini ya mbuyu akaninywesha maji ya ORS, yaani yenye chumvi na sukari ya pakiti, funda kwa funda, karibu nusu saa, na wenzangu wote wakakaa. Tangu hapo kila mtu anabeba lita mbili, moja ya maji na moja ya ORS, pakiti nzima kwa lita. Ongezeni viazi vitamu vya kuchemsha, na ubuyu wa kumung'unya.

Mwendo tunaupima kwa rozari. Tendo moja, yaani fungu la Salamu Maria kumi, tunakimbia tukisali kwa sauti, tendo linalofuata tunatembea. Anayeshindwa kuitikia Salamu Maria bila kukatika pumzi ndiye anayepanga mwendo wa kundi, na hakuna wa kumnung'unikia. Kwenye makorongo tembeeni tu. Mchanga ule unamaliza miguu bure.

Halafu mbigili. Mgeni huziona ndogo akazipuuza. Inaingia kwenye soksi, inajizungusha, na ukiivuta kwa pupa ncha inabaki ndani. Kaa chini, vua kiatu, geuza soksi ndani nje, uzitoe moja moja ukizishika ubavuni. Viatu vya wavu mwembamba viacheni nyumbani.

Shambani ingieni kwa hodi. Kimbieni kwenye mipaka, msipite katikati ya mistari, maana nyaya za kushikilia mizabibu hazionekani gizani na zinakata. Mkimkuta mwenye shamba, simameni kabisa, msalimieni. Mbukwenyi, salamu ya Kigogo, inatosha kufungua uso wake. Zabibu msichume, hata ile iliyoning'inia nje ya uzio. Ni jasho la mtu, tena huenda imepuliziwa dawa ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu, juzi tu. Nunueni. Mama mmoja alituuzia kishada cheusi, akakiosha mwenyewe kwa maji ya ndoo aliyoyabeba kutoka mbali, na hakukubali tuongeze hela ya maji. Mwaka uliofuata tulimpelekea sukari.

Mahujaji wa Santiago kule Hispania hupita Irache, penye bomba la divai ya bure. Sisi njiani hatuonji, hata tukikaribishwa mchuzi wa zabibu, yaani maji yake, uliokamuliwa juzi na kuanza kuchacha. Mwili umekauka, pombe itaukausha zaidi.

Mkikaribia misheni, wa mbele wasimame wamngoje wa mwisho, awe ndiye wa kwanza kuingia. Wanawake tunafunga khanga juu ya nguo za mazoezi, viatu tunavikung'uta vumbi mlangoni, kisha tunakaa kanisani kimya hadi mapigo ya moyo yatulie. Hapo ndipo kila mmoja anasema nia aliyoibeba njia nzima. Baadaye ni ugali wa uwele na mlenda, na divai baada ya sahani kuwa tupu.