SOMO: Kuipata siku ya shradha ya mzazi ukiwa Mombasa, Dar au Nairobi

Kila Bhadarvo, mwezi wa kalenda yetu Wahindu wa Kigujarati, ikikaribia naulizwa jambo lile lile: "Baba alifariki tarehe fulani, shradha yake ni lini?" Sasa naandika mara moja, na kwa Kiswahili, maana vijana wetu wengi waliozaliwa huku Kigujarati wanakisema lakini hawakisomi.

Nazungumzia shradha za Pitrupaksha, siku za kuwalisha wazee wetu waliotangulia, toka mwezi mpevu wa Bhadarvo hadi amasi, usiku usio na mwezi. Mwaka 2025 ziliisha 21 Septemba. Mwaka 2026 ni 26 Septemba hadi 10 Oktoba. Katika kalenda yetu umeongezwa mwezi mzima wa Jeth, ndiyo maana zimesogea mbele.

Hatua ya 1. Pata tarehe NA saa aliyofariki. Kama cheti hakina saa, waulize waliokuwepo.

Hatua ya 2. Geuza tarehe iwe tithi, yaani siku kwa hesabu ya mwezi wa angani. Programu yoyote ya panchanga, kalenda ya Kihindu, itakupa. Weka mji aliofia. Iwe sud (mwezi unaokua) au vad (unaopungua), hutazami: aliyefariki saba ya mwezi unaokua, katika Pitrupaksha anakumbukwa saba ya mwezi unaopungua.

Hatua ya 3. Itafute tithi hiyo ndani ya Pitrupaksha ya mwaka huu, KWA SAA ZA HAPA. Hapa ndipo nilipokosea mimi, kwa hiyo msome polepole.

Tithi si siku ya saa 24. Ni muda ambao mwezi hutumia kujitenga na jua kwa nyuzi 12, na kwa kuwa mwendo wa mwezi haulingani, tithi moja huchukua saa 20, nyingine 26. Huanza na kuisha wakati mmoja dunia nzima, ila India saa zao zimetutangulia kwa saa 2 na dakika 30. Siku ya shradha ni ile ambayo tithi ipo alasiri. Wazee huugawa mchana mafungu matano, na fungu la nne ndilo la marehemu. Pwani mwezi wa Septemba hiyo ni kama saa 7:20 hadi 9:45 mchana.

Mwaka wa kwanza baada ya baba kuondoka nilifuata kalenda ya ukutani iliyochapwa Ahmedabad. Ilisema saba, tithi ya baba, ni Jumatano. Kwao ni kweli: tithi ilianza Jumanne saa 10:30 jioni, alasiri yao imeshapita, ikaisha Jumatano saa 9:00 mchana. Toa saa mbili na nusu. Kwetu Mombasa ilianza Jumanne saa 8:00 mchana, katikati ya alasiri, ikaisha Jumatano saa 6:30. Mimi niliketi kutoa pinda, tonge za marehemu, Jumatano saa 7:30. Saba imekwisha, tumo nane. Maharaji, kuhani wetu, aliponieleza, mama alinyamaza, akaingia chumbani kwake. Nilirudia siku ya amasi, ambayo ni siku ya marehemu wote, lakini ule unyamavu wa mama sijausahau.

ONYO: programu nyingi huja zimewekwa New Delhi au Ujjain. Badilisha mji kwanza. ONYO la pili: usikimbilie kurudisha siku moja nyuma kila mwaka. Miaka mingi siku zetu na zao ni zile zile. Piga hesabu kila mara.

Aliyekufa kwa ajali au silaha, siku yake ni ya 14. Mke aliyemtangulia mumewe, ya 9. Usiyejua tithi yake, amasi.

Hatua ya 4. Pika bila kitunguu wala kitunguu saumu. Kwetu Wagujarati ni dudhpaka (wali wa maziwa na sukari) na puri (mkate wa kukaanga).

Hatua ya 5. Elekea kusini, pete ya majani ya darbha kidole cha pete, janoi (uzi mtakatifu) bega la kulia. Maji yenye ufuta mweusi yapite kati ya kidole gumba na cha shahada, mara tatu kwa baba, tatu kwa babu, tatu kwa baba wa babu. Pinda ni tonge za wali, ufuta, samli na asali. Maharaji atakuongoza.

Hatua ya 6. Tenga chakula cha ng'ombe, mbwa, kunguru na sisimizi kabla hujala wewe.

MASWALI

Kijana_Nyali: Baba alifariki 20 Septemba. Nifanye 20 Septemba?

Jibu: Hatua ya 2.

Kijana_Nyali: Sasa si useme tu ni lini?

Jibu: Saa aliyofariki hukuandika. Nikikutajia siku ya kubahatisha, wewe ndiye utakayekuwa mbele ya picha ya baba yako siku isiyo yake. Leta saa, nitakuhesabia.

Mzee_Pangani: Miaka 40 tunafuata kalenda ya India na hakuna kilichotupata.

Jibu: Sijasema kuna litakalokupata, mzee wangu. Nimesema siku hiyo ni ya mtu fulani na nataka aipate yeye. Kama desturi ya nyumba yenu ni hiyo, endeleeni kwa amani.

Mama_Salma_Tanga: Shikamoo. Mimi ni Mwislamu, jirani yangu Mhindi huweka wali na puri juu ya ukuta, anawaita kunguru. Kwa nini kunguru?

Jibu: Marahaba, dada, na ahsante kwa kuuliza. Kunguru ni mjumbe wa Yama, mwenye ufalme wa wafu. Akila, tunaamini kimefika. Na jambo moja linanigusa sana: hawa kunguru weusi wenye shingo ya kijivu wametoka India. Waliletwa Unguja miaka ya 1890 ili wale taka, na Mombasa walionekana 1947. Tunamlisha ndege yule yule aliyelishwa na babu zetu kule Kutch na Kathiawar, huko Gujarat. Najua wanashambulia vifaranga na ndege wa hapa, na Kenya mwaka 2024 ilitangaza kuwaua milioni moja. Sibishani na hilo. Pasipo kunguru, weka juu ya bati, ndege yeyote atapokea.

Bahu_wa_Dar: Mama mkwe ni Mjaini, si Mhindu. Nimetaja shradha ya baba mkwe, amekataa kabisa. Nimemkosea?

Jibu: Hukumkosea, ila kwao haipo. Majaini wanaamini roho ikitoka huingia mwili mwingine papo hapo, hivyo hakuna anayengoja tonge. Siku zao kubwa zimeshapita wakati huo: Paryushana, siku 8 kwa madhehebu ya Washvetambara, na yale ya Wadigambara yanafuatia na 10. Wako wanaofunga siku zote 8 kwa maji yaliyochemshwa tu, tena kabla jua halijazama. Siku ya mwisho, Samvatsari, wanaombana msamaha: "Michhami dukkadam." Mwambie hivyo Samvatsari ijayo, uone atakavyokukumbatia.

Binti_pekee: Kaka, baba hakuzaa mtoto wa kiume. Wajomba wanasema niache.

Jibu: Usiache. Gaya, mji wa shradha huko India, wanasimulia kwamba mungu Rama alipokwenda kutafuta vifaa, mkewe Sita alimtolea mkwewe Dasharatha pinda ya mchanga, kando ya mto Phalgu, na mzee akapokea. Na kama una mtoto wa kiume, anaweza kumfanyia babu yake siku ya kwanza ya sikukuu ya Navratri, mwaka 2026 ni 11 Oktoba. Maharaji akikataa, tafuta mwingine. Nitumie saa aliyofariki.

Mpishi_Ngara: Dudhpaka yangu hushika chini kila mwaka.

Jibu: Sufuria nzito, suuza kwa maji na usiikaushe kabla ya kumimina maziwa. Mchele uusugue na samli kijiko kimoja. Sukari mwisho.

Mpishi_Ngara: Na iliki?

Jibu: Baada ya kuzima moto. Baba alipenda na kungumanga kidogo.